Mbavu Tupu alipokuja kumwona dada yangu

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi imekaza tangu alfajiri, ukungu umeufunika mlima Matogoro mchana kutwa, na mimi nimevaa sweta mbili juu ya gauni la kanisani na bado natafuta joto.

Sebuleni kwangu kunanuka marashi ya mwanamume. Marehemu mume wangu alinuka sabuni ya mche na tumbaku, basi. Haya ni ya mtu aliyekaa humu jana kwa muda usiotosha kuivisha maharage, akaondoka, harufu ikabaki. Nimefungua madirisha. Nimechoma ubani. Hayatoki.

Nimesali kabla ya kuandika. Sala haikunipoza. Kwa hiyo mnisome hivyo hivyo, nyinyi wachache mnaonisoma.

Dada yangu Skolastika, tunamwita Skola, ndiye mkubwa wangu. Tumezaliwa wawili tu wa kike. Alikuwa anauza dagaa wa Nyasa sokoni, na alikuwa anawauza kwa mdomo. Mteja akilalamika dagaa ni wadogo, anamwambia, "Baba, hawa ni dagaa. Ungetaka ng'ombe ungepita upande ule." Watu walikuwa wananunua ili wachambwe. Kwenye kwaya yeye ni sauti ya kwanza. Msibani, yeye ndiye aliyekuwa anawachekesha wapika ugali nyuma ya nyumba mpaka wafiwa wanachungulia dirishani kuuliza kuna nini.

Mwaka juzi, wakati wa mavuno, kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukaenda pembeni, na maneno yakamkwama. Nikamchukua yeye na binti yake Imakulata, wakahamia kwangu. Mimi ni mjane, kazi yangu cherehani, mwanangu Odilo yuko Namtumbo na shamba lake. Nyumba ilikuwa na nafasi.

Miezi mingi hakucheka. Namwosha, namgeuza, namlisha uji, yeye anaangalia ukuta. Nilifanya novena kwa ajili ya kicheko tu. Sikuomba hata atembee. Niliona nikiomba vyote viwili nitaonekana mlafi.

Halafu Ima akaja na simu.

Kama humjui Mbavu Tupu, basi umeepushwa. Ni kijana mchekeshaji wa Dar es Salaam. Kila jioni anakwenda laivu, anaigiza wenye nyumba, mashemeji, wahubiri wa stendi, na huku chini watu wanaandika maneno yao, naye anayasoma na kuwajibu palepale kwa majina yao. Jioni ile ya kwanza aliigiza mama muuza samaki anayegombana na mteja. Skola akatoa sauti. Nilidhani amepaliwa, nikamwinua mgongo haraka. Kumbe anacheka. Kwa upande mmoja wa uso, mate yanamtoka, machozi yanamtoka, dada yangu anacheka.

Nikapiga ishara ya msalaba.

Tangu siku hiyo kila jioni kazi yangu ni kumshikia simu mbele ya uso, kwa kuwa mkono wake uliobaki unatetemeka. Saa ya laivu iligongana na saa ya rozari. Nitasema ukweli: ni rozari niliyoisogeza. Nilijiambia Mama Maria naye alikuwa na ndugu, ataelewa.

Sasa nieleze lile lililonikamata mimi. Mbavu hawaiti watu wake mashabiki. Anawaita familia. "Familia yangu, mgonjwa wenu ni mgonjwa wangu, msiba wenu ni msiba wangu." Anasema hivyo kila siku kabla ya kuaga, mkono kifuani. Nyinyi wajuzi mnajua hayo ni maneno ya kazini, kama mwenye duka anavyomwita kila mtu mpenzi. Mimi sikujua. Kwetu mtu akisema mgonjwa wako ni wake, kesho yake unamtazamia mlangoni.

Nikaanza kumwandikia. "Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe ni mzima pamoja na wote wa hapo nyumbani. Sisi huku Songea hatujambo isipokuwa mgonjwa, dada yangu Skolastika." Mpaka nimalize salamu, laivu imeisha, mwenyewe ameshalala. Ima alikuwa anajikunja kwa kicheko.

"Mama mdogo, unamwandikia mchekeshaji au askofu?"

Nikamwambia salamu haina cheo.

Mara moja aliniwekea alama ya moyo. Skola alitaka kuiona tena kesho yake, na kesho yake tena. Ananyoosha kidole kwenye simu, anasema, "Mo-yo." Nami naurudisha ule ukurasa, namwonyesha.

Jioni moja ya mwezi wa tano, Ima akabonyeza kitu, akaniambia, "Mama mdogo, kaa sawa, amekukubali, unaingia." Sikuelewa naingia wapi. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari mezani. Mara uso wangu ukatokea chini, na wa Mbavu juu, mkubwa, ananitazama.

"Karibu, mama. Unatoka wapi?"

Mimi nililelewa na bibi ambaye kwake msichana hamsalimii mgeni akiwa amesimama kama mlingoti. Mgeni akiingia unapiga goti, unakutanisha viganja, unainamisha kichwa, ndipo mdomo unafunguka. Hata akiwa mdogo kwako, mgeni ni mgeni. Haya mambo hayapiti kichwani, yako magotini. Kwa hiyo nilipomwona mgeni yumo sebuleni mwangu, nikapiga goti.

Simu ikabaki inatazama ukuta na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu.

Nikamsikia huko juu. "Eh. Mama kaenda wapi? Familia, mmemwona? Mama wa Songea kazama."

Nikasema, "Niko hapa chini, baba. Karibu."

"Chini wapi, mama? Una shimo humo ndani?"

Nikainua kichwa, kilemba kikatokea. Nikakumbuka adabu, nikainama tena. Yeye akawa anacheka mpaka anapiga meza. Katikati ya kicheko chake nikajitahidi kusema, kutoka kule sakafuni, kwamba nina mgonjwa, ni dada yangu Skolastika, yeye ndiye anayempenda, naomba amsalimie kwa jina. Akasema, akijifuta macho, "Mgonjwa wako ni mgonjwa wangu, mama. Nikija Songea nakuja kumwona kwa miguu yangu." Halafu akaingia mtu mwingine wa Tanga.

Jina hakulitaja. Lakini aliahidi. Skola alikuwa chumbani, mlango wazi, alisikia mwenyewe.

Kilichofuata mnakijua wengi kuliko mimi. Wakakikata kile kipande, wakakitia ngoma, sauti yangu inarudiarudia "niko hapa chini, niko hapa chini," na nchi nzima ikaanza kuzama mbele ya simu. Maharusi wanazama. Wanafunzi wanazama. Sokoni wakanipa jina: Mama Chini. Nikipita na vitambaa vyangu, mtu anaita, "Mama Chini," nikigeuka simwoni mtu, amejificha nyuma ya matenga ya nyanya, wenzake wanakufa kwa kicheko. Mwenzangu mmoja wa jumuiya, mwanamke niliyemshonea sare za watoto wake wote, alipiga goti mbele yangu uani kwa kanisa, akabaki hukohuko chini akisema, "Mnanitafuta?" Wanawake wakashikana mabega wakicheka. Katekista akageuka, lakini niliona mgongo wake unatikisika.

Ilikuwa ni goti la bibi yangu hilo wanalolicheka.

Nikavumilia. Nilijiambia acha wacheke, mradi aje. Kwa sababu ndani ya nyumba yangu kulikuwa na mtu anayejiandaa.

Skola alikuwa na maneno matatu ya kumwambia Mbavu. "Karibu mwanangu. Umenichekesha." Ni hayo tu. Kwangu na kwako ni pumzi moja. Kwake lilikuwa shamba la kulima kwa kijiko. Kila asubuhi nikiwa kwenye cherehani namsikia chumbani: "Ka. Ka. Kari." Anakwama, anatukana kidogo, matusi ndiyo yamebaki mazima, anaanza tena. Dada mmoja wa mazoezi ya viungo aliyekuja mara mbili tukaachana naye alikuwa amejaribu kumfundisha kuhesabu, akakataa. Hili hakufundishwa na mtu. Alilitaka. Tangazo la tamasha lilipobandikwa mjini, kwamba Mbavu Tupu anakuja Songea, alikuwa ameshafika "umenicheke," bado "sha." Hiyo "sha" inataka mdomo wote, na yeye ana nusu.

Jumatano ikapigwa simu. Sauti ya mtu anayejiita Meneja. Wanakuja Jumamosi, mchana, nikae tayari. Nikauliza, watamwona mgonjwa? Akasema, "Mama, wewe tulia, kila kitu kimepangwa."

Ijumaa Ima alimsuka mama yake. Mimi nikamshonea gauni la kitenge cha njano, kola pana, mkono wa kulia nikauacha mpana zaidi ili uingie bila kumuumiza. Nikaagiza togwa nzuri. Nikachinja jogoo. Jumamosi asubuhi tukamkalisha Skola kitandani, mito mgongoni, miguu chini kama mtu mwenye nyumba. Pazia la mlango nikalifua. Akaniambia nimpake mafuta mdomoni. Nikampaka. Akasema, mbele yangu, polepole, yote: "Karibu mwanangu. Umenichekesha." "Sha" ilitoka na mate, lakini ilitoka.

Nikamwambia, "Mlongo, dada yangu, ukimwambia hivyo atalia."

Akasema, "A-lie."

Wakaja wanne. Meneja ana koti la ngozi, wawili wana kamera na taa, na yeye Mbavu nyuma yao, mfupi kuliko kwenye simu, kofia imefunika macho, anaongea na mtu mwingine kwenye simu. Nilisimama mlangoni nikiwa nimekutanisha viganja. Alinipita. Harufu ya marashi ikaingia kwanza, yeye baadaye.

Meneja akatazama sebule, akasema, "Hapana, hii ni nzuri mno."

Nikafurahi. Nilidhani anasifu.

Wakaitoa nje televisheni. Wakatoa cherehani, wakatoa kochi moja, wakauliza kama nina mkeka uliochakaa. Sina. Wakaenda kuazima kwa jirani. Wakamshusha Yesu ukutani kwa kuwa kioo kinarudisha mwanga. Meneja akanitazama na gauni langu la Pasaka, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama huna kanga ya kushindia? Ile ya jikoni?" Nikaenda nikavaa kanga ya jikoni. Sijui kwa nini niliitii sauti ile. Labda kwa kuwa walikuwa wengi na nyumba haikuwa yangu tena.

Halafu taa ikawaka, na Mbavu akazaliwa upya. Akafungua mikono. "Mama yangu!" Sauti ileile, meno yaleyale. Nikapiga goti. Nikiwa chini nikamwona kwa karibu anavyonitazama: alikuwa anaangalia kamera iliyo nyuma ya kichwa changu.

"Tena," akasema Meneja. "Mama amezama mapema mno."

Nikainuka. Nikapiga goti.

"Tena. Mama, ukiwa chini sema lile neno."

"Neno gani, baba?"

"Niko hapa chini."

Nikapiga goti mara ya tatu nikasema niko hapa chini. Magoti yangu yana maumivu ya baridi, mnajua nyinyi mnaonisoma. Nilipewa mkono niinuke na yule wa taa, siyo na Mbavu. Nikaleta togwa. Akainusa mbele ya kamera, akageuza macho, akajifanya kuzimia mkekani. Wote wakacheka, na Ima akacheka. Kamera ilipozimwa akakisukuma kile kikombe kando kwa kidole. Kuku hakumgusa.

Nikasema, "Sasa twende kwa mgonjwa. Anakusubiri."

Mbavu akamtazama Meneja. Meneja akaenda kwenye pazia, akalifungua kidogo, akachungulia. Akasema, "Shikamoo, mama," kwa adabu nzuri tu. Akalifunga. Akarudi.

"Haiwezekani," akasema. "Hii ni komedi, bwana. Watu wanaangalia wakiwa wanakula."

"Kwani yukoje?" akauliza Mbavu.

Meneja akamwonyesha. Alitia kidole kwenye pembe ya mdomo wake, akauvuta pembeni, jicho moja akalilegeza.

Na Mbavu Tupu akacheka.

Siyo kile kicheko cha laivu, cha kupiga meza. Kilikuwa kifupi, kilimtoka bila yeye kutaka, cha kweli. Mimi nilikuwa sijawahi kukisikia. Lakini ndani ya pazia kulikuwa na mtu anayezijua sauti za mtoto yule kuliko mama aliyemzaa, na mtu huyo akasikia mgeni wake anacheka hatua chache kutoka kitandani, akadhani wakati wake umefika.

"Ka," akaanza. "Ka. Kari."

"Nani huyo?" akasema yule wa kamera. "Tumebakiza kipande cha kuaga. Mwambieni anyamaze."

"Karibu mwa. Mwa."

Ima akaenda. Nilimwona akilifungua pazia, binti aliyenyonya kwa mama yule. Nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Mama, nyamaza kidogo, wanarekodi."

Skola akaishia kwenye "mwa."

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeshapiga goti tena kwa ajili ya kipande cha kuaga. Sikuinuka. Taa ilikuwa usoni. Mbavu ameniwekea mkono begani, macho yana machozi, sijui aliyatoa wapi, anasema, "Familia, huyu ni mama yetu. Msimcheke. Mgonjwa wake ni mgonjwa wangu." Mkono kifuani.

Waliacha fulana. Nyeusi, ina uso wake, mdomo wazi mpaka kwenye koromeo. Wakasema ni ya mgonjwa. Gari likaondoka, watoto wa mtaani wanakimbia nyuma yake, wanazama na kuinuka, wanazama na kuinuka.

Niliingia chumbani. Skola alikuwa amekaa vilevile, gauni la njano, mito mgongoni, mafuta yanang'aa mdomoni. Nikamwambia walikuwa na haraka, tamasha linaanza mapema. Akaniangalia. Nikamwambia amekuachia zawadi, nikamtandazia fulana miguuni. Akaiangalia nayo. Akasema, "Ni-vue." Nikamvua gauni.

Jana jioni hakutaka simu. Tukasali rozari saa yake ya zamani.

Leo asubuhi klipu ilikuwa imeshatoka kabla ya misa ya kwanza. Kanisani nikahisi wananitazama tangu wimbo wa mwanzo. Wakati wa mageuzo watu wote tunapiga magoti, ndiyo desturi yetu, na nilipopiga langu, kijana mmoja benchi la nyuma akanong'ona, "Kazama." Wenzake wakafyatuka kucheka mbele ya Ekaristi. Nilibaki nimeinama, na nilichomwomba Mungu pale sitakiandika.

Nje hawakunicheka. Ilikuwa mbaya zaidi, walinipongeza. "Mama Odilo, umepata mtu. Kijana ana moyo yule." Wote wameiona. Katika klipu nyumba yangu ni tupu, ukuta mtupu, mkeka wa jirani, mimi na kanga ya jikoni. Chini watu wameandika Mungu ambariki Mbavu kwa kuwakumbuka wanyonge. Watu kwa watu. Mmoja ameuliza huyo mgonjwa yuko wapi mbona hatumwoni. Hakujibiwa.

Nikarudi nyumbani nikaandika mimi. Sikusahau salamu. "Tumsifu Yesu Kristo. Tunashukuru ulifika. Lakini mgonjwa hukumwona, ulimcheka, naye alikuwa nyuma ya pazia amevaa kwa ajili yako." Hayo tu. Sikutukana.

Familia ikanijibu. Mama acha njaa. Anatafuta kiki huyo. Kapewa mkono anataka na bega. Mgonjwa hewa. Na lile lililopendwa na wengi kuliko yote, maneno mawili: Rudi chini.

Mbavu mwenyewe aliweka alama ya kucheka juu ya maneno yangu. Kidogo baadaye ukurasa wake ukapotea kwenye simu yangu, hauonekani. Nikamwuliza Ima kama mtandao umekatika. Akaichukua, akaitazama, akasema bila kuniangalia, "Amekubloki, mama mdogo." Nikauliza maana yake. "Maana yake amefunga mlango, wewe ukiwa nje."

Ima amelia leo. Sikumbembeleza. Nitambembeleza, lakini siyo leo. Mungu ananiona.

Sasa niandike hili la jioni hii, ndilo lililonikalisha hapa na sweta mbili.

Baada ya uji Skola akanyoosha mkono wake mzima. "Si-mu." Nikasema yangu imeharibika. Akamnyooshea Ima kidole. Ima akatoa yake, akanitazama, mimi nikaipokea. Skola akataka ya jana. Siyo laivu ya leo. Ya jana, ya humu ndani.

Nikamshikia. Akaiona sebule yetu tupu, akakunja jicho kama anayeuliza vitu vimekwenda wapi. Akaniona mimi nazama. Akacheka, dada yangu, akacheka mpaka nikamfuta mate. Mbavu akainusa togwa, akacheka. Ikaja kuaga, mkono kifuani, mgonjwa wake ni mgonjwa wangu. Hapo hakucheka. Aliutazama ule uso mkubwa unaolia, akalamba mdomo, na bila kukwama hata mahali pamoja akaiambia simu:

"Karibu mwanangu. Umenichekesha."

"Sha" ikatoka safi. Mimi na Ima hatukutazamana.

Klipu ikaisha. Nikadhani amemaliza, nikaanza kuushusha mkono. Akanishika kiganja. Alikuwa na jingine, na hili hakuwahi kulifanyia mazoezi mbele yangu. Likachukua muda. Alilitafuta, likampotea, akatukana, akalipata.

"Na-mi," akasema. "Ni-me-mche-ke-sha."

Nikauliza, "Nani, mlongo?"

Akatia kidole kwenye pembe ya mdomo wake, ule upande ambao hauhitaji kuvutwa, akauvuta.

Kwa hiyo aliona. Pazia nililifua mwenyewe, likabaki jepesi, na taa zao zilikuwa kali upande wa huku. Aliona yote.

Ningeweza kuwaambia, nyinyi mnaonisoma, kwamba nilimwona ana uchungu. Au kwamba alikuwa anatania, yule Skola wa dagaa, amerudi kuchamba kama zamani, na anajivuna kwamba hatimaye kamchekesha mchekeshaji. Nilimtazama kwa makini. Nusu ya uso wake ilikuwa inacheka. Nusu nyingine haijasema kitu tangu mwaka juzi.

Amelala sasa, amevaa ile fulana. Aliitaka mwenyewe, kwa ajili ya baridi.

Kesho jioni atanyoosha mkono tena, na saa hiyo itakuwa ya rozari. Nitashika kipi?